Mkia wa Kamba

Tangu msiba, mlango wa chumba cha mbele haukufungwa mchana. Ukiufunga, unakutana uso kwa uso na kamba iliyotundikwa nyuma yake, na katika nyumba ile hakuna aliyetaka kukutana nayo. Bibi Fundi aliukandamiza mlango ukutani kwa kiti, akaelekea cherehani yake, kamba akaipa mgongo, akashona nguo za watu.

Kamba yenyewe aliianza kama mzaha. Nyumba yao iko upande huu wa barabara kuu, shule iko upande ule, na katikati malori ya mchanga hupita tangu alfajiri kana kwamba yanafukuzwa. Watoto walikuwa wakivuka kila mmoja kwa bahati yake. Huyu anakimbia, yule anafika katikati anasita na kurudi, na wakubwa wenye baiskeli wanajipenyeza huku wamesimama kwenye pedali. Kutoka dirishani pake fundi aliona mambo yaliyomfanya ajidunge sindano. Siku moja akachukua kamba nene ya kuanikia nguo, akaishonea vishikio vya kitambaa, kila mtoto na chake, kutokana na mabaki ya nguo alizowahi kumshonea. Mwenye michirizi ya bluu akashika michirizi yake, mwenye maua akashika maua yake. Tangu hapo kila asubuhi alitangulia na kitambaa chekundu mkononi, watoto nyuma yake, na wenye baiskeli walishuka wakazikokota ubavuni, watake wasitake.

Wazazi walicheka sana. Walisema fundi anapeleka mbuzi malishoni. Wakacheka mpaka walipoona madereva wanasimama, hata wale ambao hawakuwahi kusimama kumpisha mtu, kisha waliocheka zaidi ndio waliotangulia kuleta watoto wao. Na Bibi Fundi hakuwa na ulimi wa kukataa. Mama akisimama mlangoni na mtoto mkono huu na kipande cha kitambaa mkono ule, fundi husema karibu, na kamba inaungwa.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa, na ni kosa la mtu mwenye adabu. Bibi Fundi hakuweza kumweka mtoto wa watu nyuma. Nyumbani kwake mgeni hupakuliwa kwanza, wa nyumbani wakasubiri, na yeye mwenyewe akala kilichobaki sufuriani. Ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyolea. Kwa hiyo kila alipoongezeka mtoto mpya, alifumua kishikio cha mjukuu wake, cha manjano chenye madoadoa, akakishona upya mwisho kabisa. Kamba ikawa inarefuka, na ile manjano ikawa inazidi kurudi nyuma.

Mjukuu wala hakununa. Alikuwa msichana wa maneno mengi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, na ile nafasi ya mwisho aliigeuza kuwa cheo. Alijiita Mkia. Akishakanyaga ukingo wa ng'ambo alipaza sauti, "Mkia umevuka!" na hapo tu ndipo bibi yake alipoanza kutembea tena. Watoto walizoea hivyo kiasi kwamba bila neno lile hakuna aliyeinua mguu. Nyumbani nako hakumpa mtu nafasi. Akiruka kizingiti cha jikoni, mkia umevuka. Akipanda kitandani, mkia umevuka. Mama yake alimwambia siku moja ataamka ameota mkia kweli.

Mama huyo ndiye mkwe wa Bibi Fundi, mke wa mwanawe wa pekee ambaye kazi ilimweka mbali na nyumbani sehemu kubwa ya mwaka. Mkwe mwenyewe alikuwa akifanya kazi kiwanda cha mikate, akitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, kwa hiyo safari ile ya kamba aliisikia tu kwa mdomo wa binti yake. Siku moja ya mapumziko alikwenda kuitazama kwa macho yake. Alirudi kimya, akashinda kimya, mpaka jioni wakichambua mchele ndipo aliposema.

"Mama, kamba imekuwa ndefu. Wewe umeshafika ng'ambo, Chiriku bado yuko katikati."

"Madereva wananijua, mwanangu."

"Basi mlete mbele, awe karibu na wewe."

"Nimweke wa kwangu mbele, wa watu nyuma? Watu watanielewaje?"

Mkwe akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Hakuwa mtu wa kushindana maneno na mama mkwe wake.

Asubuhi ile ya msiba lori lilisimama kama kawaida. Bibi Fundi akavuka, akasimama ukingoni na kitambaa chake juu, watoto wakawa wanapanda mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya lori palikuwa na pikapu, na dereva wake alikuwa na haraka zake. Hakuona kamba wala mtoto, aliona lori limesimama bure, akalipita. Wa mbele walikuwa wameshafika salama. Bibi Fundi alikuwa akisubiri lile neno, akasikia breki.

Dereva alikamatwa. Kila aliyekuja kutoa pole alimlaani dereva huyo, na walikuwa na haki ya kumlaani. Watu wa barabara nao wakaja na makoti yao yanayong'aa na utepe wa kupimia, wakapima, wakapiga picha, wakasema matuta yatawekwa na mistari ya kuvukia itachorwa, wananchi wavute subira. Mtaa ule ulikuwa umeivuta subira hiyo tangu Chiriku hajazaliwa. Wakaondoka, malori yakaendelea, na watoto wakarudi kuvuka kila mmoja kwa bahati yake.

Bibi Fundi hakuwatazama. Ulipofika wakati wa shule alitoa mguu kwenye cherehani na kukaa ametulia, masikio yake yote yako barabarani, mpaka kelele za watoto zihamie upande wa pili. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kumwomba airudishe kamba. Alimwambia wazazi wote wanataka, na hakuna hata mmoja anayemlaumu.

"Kamba hiyo imeshakula mtoto, mwalimu," Bibi Fundi alisema. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake kidogo, akaaga.

Lawama aliyokuwa akiisubiri haikuwa ya wazazi. Ilikuwa ya mtu mmoja tu, aliyelala chumba cha pili. Mkwe wake hakuwa amemwambia neno. Kila alfajiri alimwamkia shikamoo, akamwachia chai kwenye kikombe kilichofunikwa kisahani, akaenda kazini. Jioni alirudi, akapika, wakala wakitazamana mikono. Bibi Fundi angefurahi kutukanwa. Alikuwa akiyakumbuka maneno ya kwenye mchele, yake na ya mkwe wake, na alijua kwamba mwenzake anayakumbuka vilevile, na heshima ile ya kila alfajiri ilimchoma kuliko tusi. Huko nje nako watu walikuwa wamekosa jina la kumwita mkwe wake. Zamani wote walimwita Mama Chiriku. Sasa jina hilo liliwakwama kooni, wakawa wanamsalimia bila jina na kupita haraka.

Kisha ikaja Jumapili moja Bibi Fundi akaamka na kukuta mlango wa mbele umefungwa. Alisimama akautazama. Msumari ulikuwa mtupu.

Mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, kamba yote imejikunja mapajani mwake, mkasi mkubwa mkononi. Bibi Fundi akajua inakwenda kuchomwa moto, na akajiambia hatasema kitu. Ana haki nayo.

"Juzi nikitoka kazini nilimkuta yule mdogo wa kishikio cha maua," mkwe alisema bila kuinua macho. "Yuko katikati ya barabara, peke yake. Ameweka mkono hivi." Akakunja ngumi mbele ya kifua chake. "Ameshika hewa, Mama. Ameshika kamba ambayo haipo."

Bibi Fundi aliitazama ile ngumi.

"Nilikwambia," mkwe akasema.

Bibi Fundi alivuta kigoda cha wateja. Akakaa. "Uliniambia."

"Nilikwambia mara moja, nikanyamaza. Niliogopa mtaniona mchoyo. Mara moja tu, Mama, na ni mwanangu." Alijifuta pua kwa kiganja cha mkono, mkasi ukiwa bado kwenye vidole.

"Mimi ndiye niliyemweka mwisho," Bibi Fundi akasema. "Kwa mikono yangu hii. Nilifumua, nikashona, nikafumua, nikashona. Nilikuwa najiona mtu mwema."

Akalia. Hakuwa amelia hivyo hata siku ya maziko, maana siku ile alihisi kilio ni haki ya mama mtu, yeye hana fungu. Mkwe hakuinuka kumshika. Alimwacha alie mpaka akamaliza, na yeye mwenyewe machozi yalimchuruzika akiwa amekaa palepale.

"Sijakusamehe bado," alisema baadaye. "Nikisamehe nitakwambia, sitakuficha. Lakini hii lazima ikatwe, na mimi sijui kushona."

Akamnyooshea mkasi.

Siku nzima walishinda nayo. Walitoka kwanza kuipima kamba barabarani, malori yalipopungua, wakakubaliana isizidi nusu ya upana wa barabara, ili aliye mbele akifika ng'ambo, wa mwisho awe ameshapita katikati. Kamba moja ikawa mbili fupi. Zivushwe moja moja, ya pili ikisubiri na mwalimu, na kila inayovuka iwe na mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma. Kiwandani mkwe alikuwa ameshaomba kuhamishiwa zamu ya mchana, bila kumwambia mtu sababu. Bibi Fundi alishona ncha zisifumuke, akahesabu vishikio, akavipanga wadogo karibu na wakubwa, hakujali tena nani wa nani. Kilipobaki cha manjano alikishika mkononi asijue akipeleke wapi.

"Kiache mwisho," mkwe akasema. "Nitakishika mimi."

Jioni ile mkwe alimpelekea mwalimu mkuu habari, na Jumatatu watoto walijitokeza kabla ya kuitwa. Hawakuruka wala kusukumana. Kila mmoja alitafuta kitambaa chake, akakishika, akatazama mbele. Wenye baiskeli walishuka wenyewe. Mwalimu alibaki na kamba ya pili. Bibi Fundi aliinua kitambaa chekundu, dereva wa kwanza akasimama, wa pili akasimama, akasubiri mpaka alipohakikisha hakuna anayechungulia kupita, ndipo akashuka barabarani.

Hakugeuka. Alijikaza asigeuke, alihesabu pumzi zake mwenyewe mpaka mguu ukagusa ukingo wa ng'ambo. Alisikia viatu vidogo vikipanda nyuma yake, kimoja kimoja, halafu viatu vya mtu mzima. Kisha hakusikia kitu. Akaivuta kamba waendelee na safari. Kamba haikusogea.

Akaivuta tena. Watoto walikuwa wamesimama mstari mzima, kimya, hakuna aliyeinua mguu.

"Bibi, bado," alinong'ona wa kwanza. "Hajasema."

Hapo ndipo Bibi Fundi alipogeuka. Huko mwisho mkwe wake alikuwa amesimama salama ukingoni, kishikio cha manjano amekikamata kwa mikono miwili. Alijua linalongojewa. Alikuwa amelisikia jikoni na kitandani kila siku ya Mungu, na sasa midomo yake ilicheza bila sauti kutoka. Hawakuwa wamelizungumza jambo hilo. Katika kukata kote na kupima kote, hakuna aliyethubutu kuuliza nani atasema. Bibi Fundi alitaka kulisema yeye, amwokoe, akakumbuka kwamba si lake.

Aliyesimama mbele ya mkwe alikuwa yule mdogo wa kishikio cha maua. Aligeuza kichwa, akamtazama juu, akamwita kwa jina ambalo watu wazima walikuwa wameshindwa kulitamka.

"Mama Chiriku, sema twende."

"Mkia umevuka," akasema mkwe, kwa sauti ambayo hata aliye mbele yake aliisikia kwa shida.

Watoto hawakusogea. Haikuwa ikisemwa hivyo.

Akainua uso.

"Mkia umevuka!"

Kamba ikaanza kwenda. Waliwafikisha watoto geti la shule, kisha Bibi Fundi na mkwe wake wakavuka tena kurudi, wawili peke yao, na mkono wa mkwe ulikuwa umemshika Bibi Fundi kiwiko. Kamba ya pili ilikuwa ikiwasubiri.