Majibu ya Kisiki

Miaka yote aliyocheza beki, Kisiki hakutolewa uwanjani kwa kuumia hata mara moja, na waliompa jina hilo waliapa kwamba ana kichwa cha chuma. Chuma gani! Ulikuwa ujanja mtupu. Akigongwa, daktari wa timu akija na maswali yake, tuko wapi, nani anaongoza, kipindi cha ngapi, majibu alikuwa ameshayakariri. Akisahau, beki mwenzake alimnong'oneza. Alipostaafu na kuwa kocha wa timu ya mabinti wa shule, aliwarithisha ujanja huo pamoja na mipira ya vichwa. Waliupenda kuliko mazoezi ya kukimbia.

Leo mpwa wake, beki wa kati, aligongana vichwa na mshambuliaji akaanguka chali. Kisiki aliinuka kwenye benchi.

Muuguzi alipiga magoti kando ya binti. Tuko wapi? Nani anaongoza? Binti aliketi, akajibu chapuchapu, bila kukosea hata moja.

"Yuko sawa, kocha," muuguzi alisema huku akifunga mkoba wake. "Kichwa karithi kwako huyu."

Watu wakacheka. Kisiki hakucheka. Majibu yale aliyajua, ni yake. Binti angeyatoa hata usingizini. Sasa atajuaje kama binti mwenyewe yumo kichwani mle? Na dada yake alikuwa pale jukwaani, ametulia tuli, kwa kuwa mwanawe yuko mikononi mwa kaka yake.

Akaingia uwanjani bila ruhusa. Mwamuzi akampulizia filimbi, yeye hata hakugeuka.

"Mwanangu, nitazame. Leo umekuja na nani hapa?"

Walikuja pamoja kwa pikipiki yake, binti akiimba nyuma yake njia nzima.

Binti alitabasamu. Kisha macho yakamhama, yakamtafuta beki mwenzake, yakaganda kwenye midomo yake yakingoja. Mwenzake naye alikuwa hajui la kunong'ona.

"Mjomba," binti alisema taratibu, kama anayelalamika kidogo, "hilo hukutufundisha."

Kisiki alimlaza chini polepole na kukishika kile kichwa kwa mikono miwili, akipiga kelele waje na machela.