Cherehani Ilipokwama Mlangoni

Cherehani ilikuwa imekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, Hesabu alipofika mbio kutoka chuoni. Hamali alikuwa barabarani akivuta, Bi Vifungo yumo ndani akisukuma, na meza ya chuma ya cherehani imeng'ang'ania kizingiti kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

"Inua miguu!" Bi Vifungo alifoka. "Miguu, siyo kichwa!"

"Mama, hii ni cherehani au treni?" hamali aliuliza.

"Ni mume wangu huyo. Mbebe kwa adabu."

Mafundi wawili waliobaki ndani walicheka, kicheko kifupi cha watu wasiojua waangalie wapi. Shangazi yake Hesabu, mwenye karakana hiyo ya ushonaji, hakucheka. Alikuwa mezani akikata kitambaa cha sare za shule, mkasi wake ukienda bila kusita, kana kwamba pale mlangoni hapakuwa na mtu anayeondoka.

Hesabu halikuwa jina alilopewa na wazazi. Mafundi ndio waliombandika tangu alipokuwa mtoto, kwa kuwa alipenda kukaa chini ya meza akipanga vifungo kwa rangi na kwa matundu. Vifungo hivyo alikuwa akipewa na huyu huyu mama aliyekuwa akihangaika na kizingiti. Kazi ya Bi Vifungo ilikuwa ile ndogo ndogo isiyoonekana: matundu ya vifungo, pindo, kola, zipu zilizogoma. Mikono yake ilikwenda polepole, mdomo wake mbio. Shati ambalo Hesabu alilivaa siku ya kwanza ya chuo, kola ilikuwa kazi yake.

Na aliyemfukuza alikuwa Hesabu.

Hakukusudia. Lakini kutokukusudia hakumrudishi mtu kazini.

Ilikuwa hivi. Chuo kikuu Hesabu alikuwa akisoma mbinu za hisabati kwa biashara, uchumi na fedha. Wiki iliyotangulia, mwalimu wao, mama mmoja mrefu aliyekuwa na chaki hadi kwenye nyusi, aliwafundisha kutafuta faida kubwa kuliko zote. Unachora mstari wa faida, unaopanda na kushuka, akasema, kisha unatafuta pale mteremko wake unapokuwa sifuri, pale mstari unapolala tambarare. Saa ikaisha. "Tutaendelea wiki ijayo," akasema, akapangusa mikono.

Hesabu hakungoja wiki ijayo. Mtu aliyejifunza kuogelea jana, leo anataka kuvusha watu mto. Jioni ile ile alimketisha shangazi yake, akamhoji kuhusu misimu yote iliyopita: walipokuwa na fundi mmoja kazi ilikwendaje, walipokuwa wawili, walipokuwa watatu, hata ule msimu mmoja walipoazima wa nne. Shangazi alikumbuka vyote, maana karakana ilikuwa yake na ada ya chuo ilitoka humo humo. Hesabu akaunda mlinganyo wake, akautafutia mteremko, akauweka sifuri, bila kurudi kutazama faida zenyewe. Majibu yakatoka mawili: mafundi wawili, au mafundi wanne.

Wanne, kwa karakana ambayo mwenyewe kila siku analalamikia mishahara? Alilikata jibu hilo kama mtu anavyokata uzi uliozidi. Akabaki na wawili.

"Una hakika, baba?" shangazi aliuliza. Akimpenda sana alimwita baba.

"Hesabu hazidanganyi, shangazi."

Siku ya pili mtaa mzima ulijua. Shangazi alimwambia muuza vitambaa, akamwambia mwenye duka la jirani, akawaambia wateja waliokuja kupimwa: "Kijana wangu wa chuo ameipiga karakana hesabu. Huko hawabahatishi." Siku ya tatu akamwita pembeni Bi Vifungo, fundi wake wa tatu, akamwachisha kazi.

Leo asubuhi ndipo mwalimu alipoendelea. Alichora mstari wa faida ubaoni, mmoja tu, ukashuka, ukapanda, ukashuka tena. Akaweka nukta mbili. "Mteremko ni sifuri hapa," akasema, "na hapa pia. Hapa ni kilele. Na hapa?" Akagonga chaki chini. "Hapa ni bonde. Mtu aliyesimama kwenye sakafu ya bonde naye anakanyaga tambarare. Asipopima, atadhani amefika juu, na atawaita wenzake wamfuate." Darasa likacheka. Akawaonyesha namna ya kupima, mistari miwili tu ya kazi.

Hesabu aliipima pale pale, pembeni ya karatasi. Wanne walikuwa kilele. Wawili walikuwa bonde. Katika idadi zote ambazo shangazi yake aliwahi kujaribu, mmoja hadi wanne, yeye alikuwa amemchagulia iliyo mbaya kuliko zote. Akachukua mkoba, akatoka darasani bila kuomba ruhusa, akakimbia.

Na sasa alikuwa hapa, anahema, na cherehani iko mlangoni.

"Mama," alisema, "ngoja kwanza."

Bi Vifungo aliinua kichwa. Jasho lilikuwa limemlowesha kilemba. "Ningoje nini, profesa? Njoo ushike huku, huyu hamali ana nguvu za kuku."

"Nimesikia," hamali akasema.

"Nimesema usikie."

Hesabu alifungua mdomo. Maneno yalikuwa machache: nimekosea, rudisha ndani. Mtoto wa shule ya msingi angeyasema. Lakini shangazi alikuwa ameacha kukata, anamtazama, na nyuma yake amesimama mteja mmoja mwenye mtoto, na shangazi alimgeukia mteja yule akasema kwa sauti ya fahari, "Ndiye huyu niliyekuwa nakwambia."

Bi Vifungo aliyaona macho ya kijana, akayafasiri kwa wema wake. "Usijitie unyonge, mwanangu. Sina kinyongo na wewe. Angekuwa mtu ndiye aliyenikataa, ningempa maneno yake mpaka akome. Lakini hesabu haina ndugu. Kama imesema, imesema."

Heri angemtukana.

Hesabu aliinama, akashika miguu ya cherehani, akainua. Meza ikajigeuza ubavu, ikateleza nje kirahisi, mpaka hamali akashangaa. Wakaipandisha juu ya mkokoteni. Bi Vifungo akamshika shavu kwa vidole vyake vigumu, akaenda, akimfundisha hamali njia ambayo hamali aliijua.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Ya Hesabu yalizaliwa na ndevu. Usiku hakulala, na mchana alipoulizwa anaumwa nini alisema ni masomo. Kila wiki alijiambia wiki hii nitasema, na kila wiki ilivyopita neno liliongezeka uzito, kwa sababu sasa ilibidi aeleze pia kwa nini hakusema mapema. Mtihani wa somo lile alipata alama za juu. Swali la kwanza lilikuwa la kilele na bonde.

Karakana nayo ikaanza kuchechemea. Mafundi wawili walishona vizuri, lakini kila mmoja ilimbidi aache mashine yake ili atoboe matundu na kupiga pindo, na kazi ndogo ikala kazi kubwa. Shule zilifunguliwa sare zikiwa hazina vifungo. Muuza vitambaa akaacha kuleta wateja.

"Baba," shangazi alimwambia, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto, "hebu zipige tena zile hesabu zako. Kuna kitu hakikai sawa."

Hapo akasema. Alisema yote, akiangalia beseni.

Shangazi alitoa miguu kwenye beseni, akaifuta mmoja mmoja. Kisha akauliza swali moja. "Ulijua tangu lini?"

"Cherehani ikiwa mlangoni."

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa Bi Vifungo. Walimkuta barazani kwa dada yake, akishona na dada huyo mapazia ya zahanati. Shangazi aliomba radhi, akaomba arudi. Hesabu alieleza yote, hata siku aliyojua.

"Kwa hiyo ile siku," Bi Vifungo alisema polepole, "ulishika miguu ya cherehani yangu, huku unajua?"

"Nilijua, mama."

"Kukosea hesabu si kitu. Hata mimi nimekata vitambaa vingi vya watu vibaya." Alikata uzi kwa meno. "Lakini wewe ulinibebea." Akamgeukia shangazi. "Dada yangu nimeshampa neno. Siwezi."

Aliwapa chai. Walikunywa, wakaondoka.

Shangazi aliajiri mafundi wawili wapya, wakawa wanne, na karakana ilipata nafuu, ingawa wateja wa zamani hawakurudi wote. Magoti yalipomshinda alimwachia fundi wake mmoja karakana. Bi Vifungo alishona mapazia hadi macho yalipofifia, akafariki kwa dada yake. Cherehani yake iko kwa mjukuu wake. Hamali alinunua mkokoteni wa pili. Mwalimu bado anafundisha, na mada ile bado anaigawa kwa wiki mbili. Hesabu alihitimu, anafanya kazi kampuni ya bima, na wenzake humcheka kwa kuwa hupima kila jibu mara mbili. Shati lile lenye kola ya Bi Vifungo halimwenei tena. Mlango wa karakana umepanuliwa.