Sikio la Mradi

Makofi yalikuwa bado yanarindima ukumbini wakati kijana wa mradi alipopiga goti nyuma ya pazia, mbele ya mtoto waliyemwita Kasuku, na kufungua kiboksi cheusi chenye sponji. Sponji lilikuwa limechongwa vishimo, kila kishimo na namba yake. Kijana huyu ndiye injinia aliyezitengeneza zile mashine za kusikia, akiziunga nyaya kwa mkono wake mwenyewe, na watoto wote walimzoea. Kasuku alipomwona akafanya kama alivyofanya kila mara mashine ilipohitaji kusafishwa. Aligeuza shingo, akashika nywele zake zisimzuie, akampa sikio.

"Safisha vizuri," akamwambia. "Linawasha."

Injinia alichomoa kizibo laini kilichokuwa tunduni, kisha ile mashine yenyewe, ndogo kama kokwa, iliyokaa nyuma ya sikio. Akavipangusa kwa pamba yenye spiriti, akavilaza kwenye kishimo chake. Akafunga kiboksi.

Mama wa mtoto, ambaye mtaani kwao alijulikana kwa kazi yake tu, Msusi, alikuwa amesimama pembeni akisubiri. Moyo wake ulikuwa bado uko jukwaani. Binti yake, yule yule ambaye miaka miwili nyuma watoto wa jirani walimwita Bubu, alikuwa ametoka kusoma ukurasa mzima mbele ya mgeni rasmi. Tena alipofika kwenye neno "mamba" alibweka, kwa sababu hakuwahi kumsikia mamba na aliona haya kumwacha bila sauti. Ukumbi ukavunjika mbavu. Mgeni rasmi alitoa kitambaa akafuta machozi.

"Mbona umefunga?" Msusi akauliza.

"Mama, si tulielezana? Leo ndiyo mwisho wa mradi."

"Mwisho wa mradi nimesikia. Sikio lake je?"

"Mashine ni mali ya mradi."

"Mdogo wangu, nitazame. Huyu asubuhi kaniuliza maji yakichemka yanasema nini. Nimwambieje kesho?"

Injinia alitazama viatu vyake. "Mimi natumwa tu, mama. Ningekuwa na uwezo…" Akaacha sentensi hapo hapo, akainuka, akaenda kwa mtoto mwingine aliyekuwa tayari amegeuza shingo.

Upande wa pili wa pazia Profesa, mkuu wa mradi, alikuwa ameshika maiki. "Haya ndiyo matunda ya ndoa ya fani tatu, ndugu zangu! Daktari amepima, injinia ameunda, mwalimu amefundisha. Na mmejionea wenyewe!" Watu wakasimama. Walipiga makofi hata pazia likatikisika, na vumbi lake likamwangukia Kasuku begani.

Mtoto alimtazama mama yake mdomoni.

"Mama," akasema kwa sauti kubwa mno, "wote wamenyamaza?"

*

Jina la Kasuku lilizaliwa ndani ya huo mradi. Alipovalishwa mashine kwa mara ya kwanza alilia siku nzima, maana hakujua kwamba dunia ina kelele. Siku zilizofuata akaacha kulia, akaanza kuuliza, na tangu hapo hakushikika. Hii inaitwaje? Yule anasemaje? Kwa nini ufagio unasema shii? Wateja waliokaa kwenye kigoda cha Msusi walilalamika kwa kicheko. "Mwanao ananihoji kama polisi. Nimekuja kusukwa au kutoa maelezo?" Msusi naye alibuni msuko wa peke yake, mistari inayopanda juu na kuacha wazi nyuma ya sikio, ili mashine ipate pa kukaa. Akina mama wengine wakaupenda. Wakawa wanasukwa hivyo hivyo, ilhali wao wanasikia mpaka kunguni akitembea.

Baada ya ile siku ya ukumbini, Kasuku kwanza alipiga kelele. Alidhani wengine ndio wenye tatizo. Kila asubuhi aliketi mlangoni akisubiri injinia amletee sikio lake lililokwenda kusafishwa, na kila jioni Msusi alimwambia kesho. Kisha maneno ya mtoto yakaanza kukatika mikia. Sabuni ikawa sabu. Mlango ukawa mla. Kisha akawa anavuta nguo ya mama na kuonyesha kwa kidole, kama zamani.

Shuleni mwalimu wa darasa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na mtoto asiyejibu akiitwa hukaa nyuma, ndivyo mambo yalivyo. Akitoka shule, Kasuku aliambaa na ukuta. Siku moja hakuambaa vya kutosha. Pikipiki ilimkosa kwa upana wa kiganja, na dereva akageuka na kufoka, "We mtoto, huna masikio?"

Msusi aliiona kwa macho yake, kitana mkononi. Alimkimbilia mwanawe, akamkagua mwili mzima, akamrudisha kibandani na kuendelea kusuka. Alivuta nywele kwa nguvu hata mteja akasema aa.

"Pole, shoga."

"Pole wewe." Mteja alikuwa mwanamke wa karibu, asiyejua kumumunya maneno. "Lakini na wewe! Siku ile ungemnyakua mtoto na mashine yake, mbio. Wangekufanya nini? Wangekukamata kwa wizi wa sikio?"

"Betri zake wanazo wao," Msusi akasema. "Zile huzipati dukani. Ningekimbia na kokwa tu."

"Basi nenda kawaambie."

"Niwaambie nini ambacho hawakijui?"

"Waambie hivyo hivyo. Mtoto asiyelia hanyonyeshwi."

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa na zulia, na ukutani picha kubwa ya Kasuku. Mtoto alikuwa anacheka na pengo lake, uso umegeuka kidogo ili mashine ionekane. Msusi hakuwahi kuiona picha hiyo. Aliketi ukingoni mwa kiti akiwa ameipa mgongo, maana akiitazama angelia, na hakuja kulia.

"Mama wa nyota wetu!" Profesa alisimama kabisa, akampa mkono. Alikuwa mtu wa adabu, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kugombana naye. Kwenye meza ya pembeni aliketi Mwalimu, mama wa makamo aliyeendesha lile darasa la mradi, akiandika kwenye kompyuta. "Hajambo kipenzi chetu?"

"Hajambo. Ila hasikii. Profesa, nimekuja kuomba sikio la mwanangu."

Profesa alitabasamu kwa huruma, kama mtu aliyeombwa mwezi.

"Mashine zipo?" Msusi akauliza.

"Zipo. Ziko salama, kabatini."

"Anazivaa nani?"

"Kwa sasa hakuna."

"Zimekaa tu?"

"Mama, ngoja nikueleze, maana wewe ni mtu unayeelewa." Alivuta kiti akakaa karibu. "Awamu ya kwanza imetuonyesha mtoto anapata nini akivaa. Sasa wafadhili wameuliza swali zuri sana. Akivua, alichojifunza kinabaki au kinaondoka? Na kama kinaondoka, kinaondoka kwa kasi gani? Swali hilo kwa watoto wa kwetu hakuna aliyewahi kulipima. Ndiyo awamu ya pili. Hivi karibuni tutakuiteni."

Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa inalia tak, tak.

"Kwa hiyo," Msusi akasema taratibu, "mnataka kujua kama mtu asiyesikia hasikii."

Mwalimu alicheka kidogo, akageuza kile kicheko kuwa kikohozi.

"Si rahisi hivyo, mama. Ni sayansi."

"Mimi kazi yangu kusuka, Profesa. Nikimfumua mtu nywele sihitaji kukaa naye mwaka nione kama zitatimka."

Tabasamu la Profesa likabaki mdomoni lakini machoni likazimika. "Ulielezwa yote tangu mwanzo. Ukakubali."

"Nilielezwa mtoto atasikia. Mtu ana kiu, unamwonyesha maji, halafu unamsomea masharti ya kikombe! Angekataa nani?"

"Na hata sasa hatumlazimishi mtu. Mzazi yuko huru kujitoa wakati wowote, hiyo ni haki yako na tunaiheshimu." Akaweka mkono kifuani kuonyesha heshima yenyewe. "Ila ujue na upande wa pili. Ikija awamu ya tatu, Mungu akipenda na wafadhili wakipenda, kutakuwa na mashine mpya. Bora zaidi. Tutaanza na wale waliokaa nasi mpaka mwisho. Aliyejitoa, amejitoa."

"Itakuja lini?"

"Utafiti hauna haraka."

"Mwanangu anayo."

"Mama." Sasa alisema kwa upole kabisa. "Tazama mbali. Kwa ajili ya huyu mmoja, kesho maelfu watasikia."

"Na huyu mmoja ni wa nani?"

Simu ya Profesa iliita. Aliinua kidole kuomba radhi, akaipokea, akageukia dirishani akicheka na mtu wa upande wa pili.

Mwalimu ndiye aliyemtoa Msusi nje. Walipofika kwenye ngazi alimshika kiwiko, akapunguza sauti kama dada anayetoa siri ya nyumba. "Mlete tu, mdogo wangu. Usimkosee Profesa. Tena jambo moja. Nyumbani usimkazanie maneno. Usimfundishe. Najua wewe ni mama, lakini ukimfundisha unatuharibia vipimo. Tunataka tuone yeye mwenyewe."

Msusi alimtazama mwanamke huyo, mwalimu tangu ujana wake. Tusi lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Alikuwa amekwishaona ni nani mwenye funguo za lile kabati.

"Sawa, dada," akasema.

Jioni ile alifunga mlango na dirisha. Akamketisha Kasuku mapajani, akachukua kiganja chake na kukibandika kooni pake mwenyewe. "Mlango," akasema. Koo likatetemeka chini ya vidole vidogo. "Mla-ngo." Mtoto alikunja uso, akatafuta, akatafuta. "Mla," akasema, na baada ya kitambo, kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisimani, "ngo." Msusi alimkumbatia, kisha akachungulia nje kama mwizi, kuona kama kuna aliyesikia.

*

Chumba cha vipimo kilikuwa hakina dirisha, kuta zake zimefunikwa sponji. Kasuku aliingia akikimbia. Alikijua chumba hiki. Alipanda mwenyewe kwenye kiti, akavaa hedifoni kubwa zilizomfunika mashavu, akavuta mbele yake kopo na vile vipande vya mbao vya rangi. Mchezo ulikuwa mmoja tu. Ukisikia mlio, tia kipande kwenye kopo.

Mwalimu aliketi nyuma ya mashine ya milio. Injinia alisimama mlangoni, amekuja kukagua nyaya. Msusi alipewa kiti pembeni.

"Umemfundisha nyumbani?"

"Hapana."

"Safi. Tuanze."

Mwalimu hajabonyeza kitu, Kasuku ametia kipande. Akatia cha pili. Akawa anatia haraka haraka, chekundu, cha njano, cha bluu, akimtazama Mwalimu usoni na kutabasamu, na vilipokwisha mezani alilinyanyua kopo kwa mikono miwili, limejaa, akampa. Kisha akageuza shingo, akashika nywele zake pembeni, akasubiri.

Injinia aliangalia sakafu. Msusi alielewa hesabu ya mwanawe. Kule mwanzo, ni humu humu walimopima, na walipomaliza na kopo walimvalisha sikio. Mtoto ameona ajaze upesi.

"Anabahatisha," Mwalimu akasema. Alimwaga vile vipande mezani, akaanza upya. Sasa Kasuku hakuvitia ovyo. Alitulia, macho kwenye kidole cha Mwalimu, na kila kidole kiliposhuka naye alitia. Hakukosea hata mara moja.

"Na sasa anaibia. Mtoto mjanja huyu!" Mwalimu alisimama, akakizungusha kile kiti mpaka Kasuku akaelekea ukutani, akamsogezea kopo na vipande miguuni kwenye kigoda. "Mama, tafadhali. Usimguse wala usimpe ishara. Ukimsaidia itabidi nifute kipimo, na nikikifuta atahesabika amejitoa."

Msusi aliikalia mikono yake.

Mwalimu akabonyeza. Hapana kitu. Akaongeza, akabonyeza. Akaongeza tena. Sasa mlio ulianza kuvuja nje ya hedifoni, mwembamba kama wa mbu. Akaongeza. Ukawa filimbi. Injinia aliusikia pale mlangoni, akajikuna sikio bila kujua. Akaongeza tena, na mlio ukajaa chumba, ukampenya Msusi kwenye meno.

"Vizuri," Mwalimu akanong'ona, akaandika. "Vizuri sana. Profesa atafurahi."

Kasuku alikuwa ametazamana na ukuta, mgongo wima, kipande chekundu cha mbao amekiinua hadi shavuni. Hakupepesa macho. Alikuwa tayari kabisa, akiusubiri mlio uanze.