Matobolwa Yamefika Ayalandi

Jua la Puge, huku kwetu Tabora, linamwagika juu ya mkeka wangu, Advera, na vipande vya viazi vitamu vinakauka vikinukia sukari na vumbi. Nimevichemsha, nikavimenya, nikavikata. Sasa ni kazi ya jua.

Haya ndiyo matobolwa, mwanangu. Kabla ya reli, kabla ya lami, wapagazi waliyabeba wakaelekea pwani, na wazee wetu husema ndiyo yaliyoupa mji wa Tabora jina lake. Wengine wana miji yenye majina ya wafalme. Sisi mji wetu una jina la chakula cha mtembea kwa miguu, nami nalitaja kifua mbele.

Lakini wewe uliyakataa. Siku ya kwenda Ayalandi kusomea uuguzi uliyatoa kwenye begi, ukasema yatakuaibisha. Iliniuma, nakwambia wazi. Niliona kazi hii itakufa na mimi.

Leo umepiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ukanisimulia habari za mama mwenye nyumba wako, anayelima viazi mviringo uani. Kwa Kiayalandi, kiazi ni práta. Naye amekwambia neno hilo ni mgeni aliyezoea: lilianza na batata ya visiwa vya Karibi, likapita kwa Wahispania, likabadili sauti njiani hadi kwao.

"Na batata ile ya kwanza, mama, ilikuwa kiazi kitamu. Kama chetu!"

Kumbe maneno nayo hufuata misafara! Hulala kambi za watu, hula vyao, huamka na lafudhi mpya. Nilicheka hadi kuku wakatawanyika. Wenye viazi duniani ni ukoo mmoja, nasi tumo, tena si mkiani.

"Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia jina la mji wetu limetoka wapi. Akataka kuonja. Basi nimekata viazi vitamu vibichi, nikavianika juu ya bomba la kupasha chumba joto, maana jua hapa hakuna. Vimekuwa vigumu kama kuni."

"Vibichi? Hiyo ni michembe, Advera! Matobolwa unachemsha kwanza!"

Nilipiga kelele hadi jirani yetu Sayi akachungulia uani. Wewe hukucheka.

"Rudia, mama. Polepole. Nataka niyajue mwenyewe."

Nikarudia, tangu kuchimba hadi kuanika. Niliona fahari, wala sikuificha.