Ripoti Juu ya Nasieku

"Andika," Mwalimu Mutunga alisema, akiegemea kiti mpaka kikalia. "Kichwa: Ripoti ya Msomaji. Chini yake: Nasieku Anauliza, riwaya ya upelelezi kwa vijana. Halafu weka hivi. Mswada huu ni takataka."

Soila, sekretari wake, akapiga taipu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka wa tisini na tisa, katika ofisi ya shule moja ya upili pale Kitengela, na takataka yenyewe alikuwa ameiandika yeye.

Hakuna aliyejua hilo isipokuwa Margaret, mwenye kibanda cha kupigia watu taipu kule Kajiado. Soila alikuwa ameiandika hadithi ile kwa mkono, miaka miwili mizima, saa za chakula cha mchana, wenzake wakila githeri na kusengenyana. Kisha akampelekea Margaret aipige, kwa sababu taipu ya shule ilikuwa na herufi moja iliyolala upande na Mutunga angeijua tu. Akaituma Nairobi kwa kampuni ya vitabu. Kampuni hiyo iko na utaratibu wake: inafuta jina la mwandishi, inapeleka mswada kwa msomaji mmoja wa nje, na mhariri anafuata neno la msomaji huyo. Likiwa zuri, kitabu kinatoka. Likiwa baya, mswada unarudi kwa posta na kikaratasi cha asante.

Sasa nani msomaji wa hadithi zote za upande wa Kajiado? Mutunga huyo huyo, naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa Machakos aliyekaa Kitengela miaka kumi na tisa akajifunza maneno matatu ya Kimaasai, mawili kati yao ya kupunguziwa bei ya mbuzi.

Na tuseme ukweli: usomaji wenyewe ulikuwa wa Soila nusu. Kwa miaka minane ripoti zake zilipitia vidoleni mwa sekretari huyu, na zilitoka hapo zimevaa vizuri kuliko zilivyoingia. Mutunga akiiweka Namanga kwenye barabara ya Magadi, Soila anairudisha mahali pake bila kelele. Akimwita mzee wa boma moran, yaani kijana wa vita, Soila anamzeesha kimyakimya. Ripoti inasainiwa bila kusomwa, inaenda, na kule Nairobi wanasema, aisee, huyu Mutunga anawajua Wamasai kweli kweli. Naye alikuwa akizipokea sifa hizo kama mtu anayepokea chenji yake.

"Umefika wapi?"

"Takataka, Mwalimu."

"Vizuri. Mhusika mkuu ni msichana wa kidato cha pili. Miaka kumi na sita! Polisi wako na gari, wako na mbwa, wameshindwa. Huyu yuko na baiskeli ya kuombaomba na sketi ya shule, ati anashinda. Weka alama ya mshangao."

"Moja ama mbili?"

"Tatu."

Soila akaweka tatu. Baiskeli ile ilikuwa ya kaka yake, na sketi ilikuwa yake mwenyewe, ya mwaka alioacha shule.

Mutunga akafungua mswada kwa kidole kimoja, kama anayeangalia ndani ya sufuria ya jirani asiyemwamini. "Mzee Parsaoti, mfanyabiashara wa ng'ombe, hajulikani alipo tangu Alhamisi. Watu wote wanasema ameenda Namanga kuuza fahali. Maiti inapatikana Jumapili kwenye korongo. Mpaka hapo ni upuuzi wa kawaida, nimezoea. Lakini ngoja usikie huyu mtoto anamjua muuaji vipi. Haki, ngoja." Akajipangusa macho kabla hata hajacheka. "Kuna dalali fulani, rika la marehemu. Siku zote huyo dalali alikuwa Parsaoti hivi, Parsaoti vile. Kuanzia Ijumaa, hamtaji. Anasema yule wa ng'ombe wekundu. Anasema yule wa boma la juu. Na wakati huo kila mtu anadhani mzee yuko hai, yuko Namanga anakula pesa zake! Basi Nasieku anaruka juu: huyu dalali alijua mzee amekufa kabla yetu sote, kwa hivyo ni yeye alimuua! Ati kwa sababu Wamasai hawataji jina la mtu aliyekufa!"

Akacheka mpaka akakohoa, mpaka Waruguru wa jikoni akachungulia mlangoni na glasi ya maji.

Soila alitoa mikono kwenye taipu. Kuna matusi mtu anameza, na kuna mengine yanakwama. "Mwalimu, hiyo ni kweli. Hatutaji."

"Nani hataji?"

"Sisi. Baba yangu tulimzika nikiwa darasa la nne, sijasikia jina lake nyumbani mpaka leo. Kaka yangu alikuwa na jina hilo hilo, akapewa lingine wiki hiyo hiyo. Ulimi wenyewe unakataa. Huyo dalali hakupanga kunyamaza, ni kulelewa kulimshika."

"Soila." Mutunga akainua kiganja kama askari wa trafiki. "Wewe ni sekretari. Mimi nimekaa na Wamasai miaka kumi na tisa. Nimekula nyama yao, nimeenda harusi zao. Sijawahi kusikia kitu kama hicho."

"Kitu cha kunyamaziwa ungekisikia vipi?"

Mutunga hakupenda swali lile, akapandisha sauti. "Leo utaandika ninavyosema. Usiguse hata koma. Nikisikia umenipangia maneno, tutakosana mimi na wewe. Andika! Mimi, niliyeishi na jamii hii miaka kumi na tisa, nathibitisha kwamba hakuna mila kama hiyo. Mwandishi ameizua. Ni wazi hajawahi kukanyaga Kajiado. Bila shaka ni kijana wa Nairobi aliyeona Mmasai kwenye kalenda. Na hata mila hiyo ingekuwepo, hakuna mtu mwenye akili timamu angegundua kwamba jina halikutajwa. Watu hawasikii yasiyosemwa. Ushauri: mswada huu haufai, na mwandishi ashauriwe kutafuta kazi nyingine."

"Kazi nyingine," Soila alirudia, akipiga.

"Mwandikie huyo mhariri mpya. Kakenya, Kakenya sijui nani, iko kwenye barua yao. Hawa wasichana wapya lazima waonyeshwe kazi mapema." Akachukua kofia yake, akaenda kunywa chai.

Soila alibaki na karatasi. Alitaka kulia, na alitaka kuibeba taipu ile kilo zote kumi na tano aiangushe juu ya ile kofia. Halafu likamjia wazo lingine, jepesi kabisa. Mutunga hasomi anachosaini. Haufai ingeweza kuwa unafaa. Takataka ingeweza kuwa johari. Miaka minane alikuwa amemrekebishia mzee huyu makosa makubwa kuliko hayo, na leo kosa lilikuwa na jina la Nasieku juu yake. Nani angejua?

Alikaa na wazo hilo mpaka kengele ya saa nne ikalia. Kisha likamchefua. Yaani Nasieku aingie duniani akiwa amebebwa mgongoni na Mutunga? Mtoto aliyekamata muuaji kwa kusikiliza tu, aokolewe na uongo wa sekretari? La. Mzee alitaka maneno yake, basi na aende nayo uchi kama yalivyozaliwa. Akapiga kila neno, kila koma, na Wamasai wa kalenda, na miaka kumi na tisa. Chini kabisa akapiga jina la mwenye maneno kwa herufi kubwa. Saa nane Mutunga alisaini akiongea na mtu mwingine, na bahasha ikaenda Nairobi na pikapu ya shule iliyokuwa ikifuata vifaa vya maabara.

Jumanne Mutunga akaenda mkutano Kajiado, wa siku tatu.

Simu zikaja kama kawaida. "Yule wa ofisi ya pili hayuko," Soila aliwajibu. "Atarudi Ijumaa." Waruguru akauliza chai ngapi, akaambiwa apunguze moja, ya yule wa ofisi ya pili. Jumatano jioni Soila alipita getini, akamwambia Lemein mlinzi asifunge ile nafasi ya kuegesha ya yule wa gari ya kijani. Lemein, mzee mwenye masikio marefu na maneno machache, alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa saa tatu simu ikalia tena, sauti ya mwanamke, ya upole na isiyocheka. Alisema anaitwa Kakenya, anapiga kutoka Nairobi, amesoma ripoti mara mbili na mswada mara tatu. Mwenye ripoti yupo? Soila akasema yule hajarudi, lakini njiani yuko. Basi atapiga tena saa tano kamili, akakata. Soila alikaa akiangalia saa ya ukutani.

Saa tano kasoro dakika kumi Lemein aliingia. Alikuwa amevua kofia, ameweka rungu kwapani, jambo ambalo halijawahi kuonekana pale ofisini.

"Takwenya," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Soila aliitikia.

Lemein akasema polepole, "Mama, mbona mnatuficha sisi watu wa geti? Sisi pia ni watu wa shule."

"Tumewaficha nini, mzee?"

"Huyu mwalimu. Ilikuwa ni gari? Hii barabara ya Namanga ni mbaya. Amezikwa ama bado? Nataka kuleta kitu kidogo kwa watu wake."

"Mwalimu gani?"

Lemein akainua kidevu kuelekea ofisi ya pili, kwa adabu, bila kusema zaidi. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mutunga na mkoba wake wa mkutano.

Lemein alirudi nyuma hatua mbili, rungu likaanguka sakafuni.

"Kuna nini?" Mutunga akauliza. "Lemein, geti liko wazi, hakuna mtu! Mbona unaniangalia hivyo?"

"Nilijua umekufa."

"Nani amesema nimekufa?"

"Hakuna mtu amesema."

"Sasa umetoa wapi?"

Lemein akamwelekeza kidevu Soila. "Huyu alikuwa anaimba jina lako kutwa, mpaka tunachoka nalo. Mwalimu Mutunga hivi, Mwalimu Mutunga vile. Tangu Jumatatu hajalitaja. Ni yule wa ofisi ya pili. Ni yule wa gari ya kijani. Na wewe huonekani. Nikajua tu." Akaokota rungu lake, amekasirika kidogo kwa kuaibishwa. "Kwani hiyo ni kitu ya kuuliza? Si hata mtoto anaweza kujua?"

Soila alishika mdomo. Haki ya Mungu, hakuwa amepanga. Hakuwa hata amejua.

Mutunga naye hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga ingemwendea rahisi. Alisimama pale katikati ya ofisi, na polepole ile rangi yake ya kiburi ikamtoka usoni, kuanzia paji kushuka. "Ile ripoti," akasema.

"Ilienda Jumatatu."

"Uliirekebisha lakini? Kidogo tu. Kama kawaida yako."

Kama kawaida yako! Kumbe alijua. Miaka minane alijua, na bado akamwita sekretari. Soila alihisi kitu kifuani mwake kikikatika, na alishangaa kwamba hakiumi. "Uliniambia nisiguse hata koma."

"Na huyu Kakenya." Mutunga aliitazama simu. "Ni mtu wa wapi?"

"Kakenya?" Lemein alidakia, akivaa kofia yake. "Hiyo si jina yetu? Huyo ni mtoto wetu."

Mutunga akaketi kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani kama mzazi aliyeitwa shuleni. Alimtazama Soila kwa muda, akautazama mkono wake juu ya taipu. "Na ile hadithi," akasema, sauti imeshuka kabisa, "ni nani aliiandika?"

"Kijana wa Nairobi," Soila alisema, "aliyeona Mmasai kwenye kalenda."

Saa ya ukutani ikafika tano. Simu ikalia. Soila akainua, akasikiliza, akaziba kwa kiganja, akamnyooshea Mutunga.

"Ni Kakenya. Anamtaka yule aliyeishi na sisi miaka kumi na tisa."