Nyama Isiyo na Mhuri

Nyama ilikuwa kilo tatu, steki tupu, wala Lea hakuwa ameiomba. Shemeji yake Silas aliileta Jumapili jioni ndani ya mfuko mweusi, akaiweka juu ya meza pale nyumbani Maisaka.

"Hii ni ya Mama," alisema. "Mpikie kwenye lile jungu lako mpaka ilainike."

Mama aliyemtaja ni Bibi Genoveva, aliyewazaa Silas na Laurian, mume wa Lea. Bibi alikuwa amehamia kwa Lea tangu miguu ilipoanza kumsumbua, na mdomoni alibakiwa na meno manne. Laurian ni dereva wa lori. Wiki ile alikuwa safarini Mwanza. Kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu: Lea, bibi, na Consolata, binti wa darasa la tano.

Jungu lenyewe lilikuwa la umeme. Jovita, dada yake Lea, alilipata Arusha kwa mgeni aliyekuwa akihama nchi. Lilikuwa chungu kizito cheupe kilichokaa ndani ya kasha lenye waya, na kazi yake ilikuwa kupika polepole, kutwa nzima, bila kuunguza. Lea alikuwa muuzaji katika duka la dawa za mifugo karibu na stendi, akitoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi na kurudi jua linapozama. Zamani hakuwa na muda wa kupika nyama katikati ya wiki. Siku hizi asubuhi alipanga vipande chini, juu yake vitunguu, nyanya, tangawizi na saumu, akaongeza nusu kikombe cha maji, akafunika, akawasha moto mdogo, akaenda kazini. Jioni ilibaki kusonga ugali tu, na hata nyama ngumu ya paja ilikatika kwa kijiko.

Wiki ya kwanza bibi alilichukia. "Chakula kinachojipika nyumba ikiwa kimya, nani anakikoroga?" aliuliza. Lakini alipoonja alinyamaza, na tangu siku hiyo akawa mlinzi wake.

"Umeitoa bucha gani, shemeji?" Lea alimuuliza Silas. Alikuwa ameigeuza nyama pande zote bila kuona hata alama ya mhuri wa mkaguzi.

"Bucha za nini? Mimi dalali wa ng'ombe ninunue bucha?" Silas alicheka huku akijikuna shingoni. "Tumechinja wenyewe huko tambarare. We pika, shemeji. Mama ale."

Lea aliona akiuliza zaidi ataonekana anamdharau. Akaitia kwenye friji, upande wa barafu.

Jumanne alfajiri aliikata. Barafu ilikuwa imeyeyuka, na damu iliyotoka ilikuwa nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi, ikatambaa ubaoni bila kuganda. Alisimama akiitazama. Halafu akajiambia ni maji ya barafu, akaendelea kukata, akikatisha nyuzi kama Jovita alivyomfundisha. Kwenye kipande cha mwisho kisu kiliteleza kikamchana kidole cha shahada. Alikisuuza kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akafunika jungu.

Saa nane mchana mzee mmoja aliingia dukani. Alikuwa Mbarbaig mrefu, ana shuka begani na fimbo mkononi, viatu vyeupe kwa vumbi. Alijitambulisha kuwa anaitwa Gidamis, ametoka chini ya mlima Hanang. Hilary, mwenye duka, afisa mifugo mstaafu, alimpa kiti.

"Nataka dawa," alisema mzee. "Ng'ombe wangu wanaanguka. Jumamosi mmoja. Jana wawili. Wanakula vizuri asubuhi, mchana wamekufa."

Hilary aliacha alichokuwa akiandika. "Damu ilitoka puani?"

"Puani na nyuma. Nyeusi. Haigandi."

"Mmemchuna?"

"Mimi nilikuwa mbali kwa mkwe wangu. Baba yangu ng'ombe wa namna ile alikuwa anamteketeza kwa moto wa miiba, hatumgusi. Lakini mwanangu alikuwa peke yake, akaja dalali, akamwambia, mali isipotee, nitaibeba. Yule wa Jumamosi wakamchuna pamoja. Sasa mwanangu mkono umevimba mpaka begani. Yuko hospitali tangu jana."

"Hicho ni kimeta, mzee," Hilary alisema kwa sauti ya chini. "Dalali gani huyo?"

"Anaitwa Silasi. Silasi wa Mutuka."

Lea alikuwa ameshika katoni ya dawa ya minyoo. Aliiweka chini taratibu. Kidole kilichofungwa kitambaa hakikuwa kinauma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha: kidonda cha kimeta hakiumi.

"Mzee Hilary," alisema, "nyama ya kimeta ikipikwa kutwa nzima? Ikipikwa kwa muda wa saa nane, ikalainika kabisa?"

Hilary alimtazama usoni, kisha kidoleni. "Hata ukiipika wiki. Mbegu zake haziogopi jiko la nyumbani. Lea, umeifanya nini?"

Tayari alikuwa akipiga simu. Simu ya bibi iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Mara ya tatu hakungoja. Alikimbilia barabarani akasimamisha bajaji, na njia nzima aliendelea kupiga, huku simu ikiita kwenye nyumba ambayo mtu yumo.

Harufu ilimpokea mlangoni. Ilikuwa harufu nzuri, ya tangawizi na nyama iliyoiva, imejaa sebule nzima. Bibi Genoveva alikuwa amekaa kwenye kiti chake, sahani tupu mapajani.

"Mama, shikamoo. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula. Leo imelainika kuliko siku zote. Simu yako ilikuwa inapiga kelele, lakini mikono yangu ilikuwa na mafuta."

"Consolata yuko wapi?"

"Katoka shule sasa hivi. Nimemtuma kwa Dorika na bakuli."

Lea alitoka mbio bila kujibu. Dorika, jirani mwenye genge la mboga, alikuwa ameliweka bakuli juu ya rafu, anahudumia wateja. Hajaonja. Lea alilichukua mikononi mwake, akamwambia anawe mikono kwa sabuni, na kwamba maelezo yatakuja. Consolata alimfuata mama yake nyuma.

Waliporudi Lea alichomoa waya wa jungu ukutani.

"Mama, inuka twende hospitali. Ile nyama ni ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa."

"Nani kasema?"

"Mwenye ng'ombe. Amekuja dukani leo. Silas ndiye aliyemchuna."

"Mama Consolata." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo na ngumu. "Unasema mwanangu kaniletea sumu mimi mama yake?"

"Sisemi alijua, Mama."

"Unasema. Tangu zamani hukumpenda Silas. Akija mikono mitupu unakunja uso, akija na nyama unauliza mhuri. Nilisikia. Mimi siendi mahali. Wakati wa baba yenu tulikula ng'ombe waliokufa na hatukufa."

Lea alipiga magoti. Alimwomba kwa jina la Laurian, akamwomba kwa jina la mjukuu. Bibi aligeuza uso ukutani. Robo saa ikapita hivyo.

Ndipo simu ya Lea ikaita. Alikuwa Redempta, mke wa Silas, akipiga kutoka Mutuka. Lea aliweka sauti ya nje bila kufikiri.

"Mama Consolata, Silas hawezi kumeza hata maji," Redempta alisema. "Shingo imevimba imelingana na kidevu. Ana kidonda pale alipokuwa anajikuna, katikati cheusi kama mkaa. Nimeita pikipiki lakini hawezi kukaa. Nifanye nini?"

Bibi Genoveva alishika mkono wa kiti kwa nguvu, akasimama mwenyewe. "Nipeni kitenge changu," alisema.

Hospitali waliandikishwa wote watatu. Daktari aliuliza nani amekula na nani ameshika. Consolata alimwangalia mama yake, machozi yakaanza kumlengalenga. "Nilichovya kidole kwenye mchuzi," alisema. "Njiani. Mara moja tu." Walipewa dawa za siku kumi, na bibi akalazwa kwa sababu alikula sahani nzima. Kidole cha Lea kilisafishwa na kufungwa upya. Alfajiri ya Jumatano kilikuwa na lengelenge. Jioni lengelenge likapasuka, na chini yake palikuwa peusi.

Silas aliletwa kwa gari la kukodi Jumanne ileile, jua likizama. Walimweka chumba cha peke yake. Bibi alikuwa wodi ya jirani, kuta mbili kati yao, na hakuruhusiwa kuingia. Jumatano kutwa alikaa kitandani akiwa amegeukia upande ule, akisikiliza pumzi ya mwanawe, ambayo Lea alisema haisikiki kutoka pale, na bibi akasema yeye anaisikia.

Alhamisi saa nne asubuhi akasema, "Imekata." Papo hapo daktari akaingia kuwapa habari.

Hawakupewa maiti ya kuosha. Watu wa afya waliokuwa wamevaa mipira mikononi na nguo nyeupe mwili mzima waliifunga wenyewe, wakaipeleka wenyewe mpaka kaburini Mutuka siku ya Ijumaa, wakamwagia chokaa. Waombolezaji walisimama mbali. Bibi aliletwa kwa gari, akatazama mazishi ya mwanawe akiwa amekaa kwenye kiti, bila kuugusa hata ubao wa jeneza. Laurian alifika kutoka Mwanza kaburi likiwa limeshafukiwa.

Jioni ile Hilary, pamoja na afisa afya wa kata, walikuja pale msibani wakamwita Redempta pembeni. Lea alikwenda naye. Walitaka kujua ng'ombe yule aliishia wapi. Kichwa na matumbo vilikuwa vimezikwa kule kwa Gidamis. Nyama iliyoliwa pale kwa Silas ilijulikana, na nyumba nne za majirani zilikuwa zimeshapewa dawa. Ya Maisaka ilikuwa imechomwa pamoja na jungu lake.

"Bado paja moja la nyuma," alisema Hilary. "Zima."

Redempta alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Alilinunua mtu Jumapili asubuhi. Simjui. Alikuja na gari jeupe dogo, anavaa miwani. Alisema ana kipaimara cha mtoto Jumapili inayofuata, ataligandisha mpaka siku hiyo."

Jumapili hiyo ilikuwa keshokutwa.

Jumamosi gari la matangazo lilipita mitaa yote, Maisaka, Nakwa, mpaka sokoni, likiwaonya watu kuhusu nyama isiyokaguliwa. Makanisani waliahidi kusema. Hakuna aliyejitokeza. Labda mtu yule alisikia akadhani anasemwa mwingine. Nyama yake yeye aliichukua nyumbani kwa mtu mzima mwenye afya, aliyemchekea.

Jumapili watoto zaidi ya mia walipokea kipaimara, na baada ya misa maturubai yalikuwa yamefungwa kila mtaa. Redempta peke yake ndiye aliyemwona yule mtu. Alikuwa amefiwa siku tatu tu, kichwani ana kitambaa cheusi, lakini alipoona Lea amekuja na bajaji mlangoni alitoka bila kuambiwa. Hilary na afisa afya walichukua upande wa sokoni, wao wakachukua Nakwa.

Turubai la kwanza hapakuwa na gari jeupe. La pili walifukuzwa. Mama mwenye shughuli aliona nguo ya msiba akasema wanamletea mwanawe mkosi. La tatu, la nne. Muziki ulikuwa unagongana kutoka kila upande, na kila mahali palinuka pilau. Kidole cha Lea kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe kikubwa kama nepi ya mtoto mchanga, watu wakikitazama na kuhama kidogo.

Turubai la tano lilikuwa la bluu na nyeupe, karibu na shamba la mahindi. Gari jeupe dogo lilikuwa limeegeshwa chini ya mti wa mgrevilea. Redempta alimshika Lea mkono.

"Ndiye yule," alisema. "Yule anayegawa soda."

Lea aliangalia meza. Foleni ya chakula ilikuwa imeshapita nusu. Watu walikuwa wamekaa na sahani zao, wazee mbele, watoto wa shule nyuma, na mama mmoja alikuwa akimpasulia kikongwe nyama kwa vidole, vipande vidogo vidogo, ili aweze kutafuna.

Mwenye gari aliwaona. Kwanza alitabasamu, kama mtu anayekaribisha wageni asiowajua. Halafu akamtambua Redempta, akaona kitambaa cheusi, na tabasamu likabaki pale usoni bila kazi. Aliziweka chupa za soda chini.

"Mume wangu amezikwa Ijumaa," Redempta alimwambia.

Yule mtu akageuka kuwatazama wageni wake, mmoja mmoja, kama anayewahesabu. Lea hakumngoja. Alimwendea mshereheshaji, akamwomba kipaza sauti kwa mkono wake mzima, na muziki ulipozimwa akasema, "Samahanini. Naitwa Lea, natoka Maisaka. Naomba kila mmoja aweke sahani yake chini."