Mwanya wa Evarista

Liberatus alikuwa fundi wa meno ya bandia pale Mbeya, na kama angekuwa na wivu wa kazi peke yake tungemsamehe, maana wivu wa kazi kila fundi anao. Wa kwake ulikuwa wa namna mbili, na zote mbili zilimwangukia mtu mmoja, Didas wa Iringa.

Walijifunza ufundi pamoja, wakikoroga plasta kwenye bakuli moja. Kisha wamisionari wakampeleka Didas Ulaya, naye akarudi anajua kutengeneza meno ya kaure, yale yanayofanana na jino la kuzaliwa nalo hata mwenyewe asahau lipi ni lipi. Liberatus akabaki na meno yake ya plastiki, ambayo wazee wa Mbeya waliyavaa kanisani na kuyavua wakati wa kula. Kila mgonjwa aliyemtajia habari za Iringa alimtonesha kidonda.

Wivu wa pili ulikuwa wa nyumbani. Mkewe, Evarista, aliimba kwaya moja na Didas kabla hajaolewa. Siku ya harusi mjomba wa Evarista, pombe ikiwa imeshamkolea, alisema mbele ya watu kwamba yeye alidhani bwana harusi atakuwa yule mwingine. Watu wakacheka, Evarista akacheka kuliko wote, na kesho yake mjomba hakukumbuka kitu. Liberatus aliyameza maneno yale na hayakumtoka tumboni.

Tena Evarista alikuwa na mwanya. Katikati ya meno mawili ya mbele, juu, palikuwa na kijinafasi kilichoonekana alipocheka, na Evarista alikuwa mtu wa kucheka. Hapa sina haja ya kueleza mwanya unawafanya nini watu. Karani wa posta alisahau kumpa stempu, akabaki nazo mkononi. Makonda wa mabasi walimwekea kiti cha dirishani. Liberatus mwenyewe alinaswa na mwanya huohuo, na mtu aliyenaswa na kitu anajua vizuri jinsi kinavyonasa. Kila mkewe alipochekea nje ya nyumba, yeye aliona kama ameibiwa.

Basi mwaka ule treni ya Zambia ilipoanza kupita, Evarista alikwenda kuchota maji kwenye pampu ya kijiji, kule nyuma ya Uyole. Mkono wa pampu ulimponyoka, ukaruka juu, ukampiga mdomoni. Meno yote mawili ya mbele yalikatika, yakabaki mizizi tu.

Liberatus alimtengenezea meno ya plastiki kwa mikono yake, na nitamtendea haki: alijitahidi sana. Lakini yalicheza, yalimpa kichefuchefu, na yalikuwa meupe kama sahani ya hoteli. Evarista akawa anaongea huku amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Jirani yao Tupokigwe, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno, ndiye aliyemwambia Liberatus usoni kwamba mke anaharibika na dawa iko Iringa, kila mtu anajua iko kwa nani. Liberatus alijitia hamnazo wiki nzima. Mwisho, alipomwona mkewe anageukia ukutani ili amchekee mwanawe Filemoni, roho ikamshinda. Wakapanda basi.

Didas aliwapokea mlangoni pa karakana yake. "Kamwene," akawaamkia kwa Kihehe, akawashika mikono wote wawili, akaanza na Liberatus. Alikuwa amenenepa, amevaa koti jeupe, na nyuma yake lilikuwapo tanuri dogo la umeme lililofika naye kutoka Ulaya. Liberatus alilitazama tanuri lile kwa jicho la mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiezekwa bati. Didas akamchukua Evarista kipimo cha meno kwa plasta, akamlinganishia rangi, akamwambia aende akapumzike kwa shangazi yake kijijini hadi kazi itakapokuwa tayari. Kisha akamgeukia Liberatus, akamwomba yeye abaki. Alitaka kumfundisha kaure.

Mtu mwingine angeuona huo kuwa wema. Liberatus aliuona mtego, lakini alibaki, maana kuondoka kungekuwa kumwachia mwenzake kila kitu.

Na kazi ilikuwa nzuri, hilo hata wivu haukuweza kulikana. Didas alichanganya unga wa kaure na maji, akaupachika kwa brashi nyembamba tabaka juu ya tabaka, akiukausha kwa kitambaa, akieleza kwamba jino lijengwe kubwa kuliko linavyotakiwa kwa sababu moto hulifanya linywee. Alieleza polepole, bila kuringa. Liberatus alisikiliza na kuumia. Alitaka kujua kila kitu, na alitaka kijulikane na mtu mwingine yeyote isipokuwa huyu.

Ndipo Didas akaweka brashi chini, akaichukua ile sanamu ya plasta ya kinywa cha Evarista, akaigeuzageuza mwangani. Nafasi ilikuwa pana kidogo kwa meno mawili. Meno yote mawili hayakuwapo, kwa hiyo hapakuwa na jirani wa kulinganisha.

"Liberatus, ndugu yangu," akasema, "huyu mama alikuwa na mwanya, au meno yalishikana?"

Damu ikamchemka Liberatus. Hivi huyu anamuuliza nani? Miaka yote ile ya kwaya, amesimama hatua moja kutoka kwake, leo hakumbuki? Aliona ujanja mtupu: mwenzake anataka kumsikia akiusifia mwanya wa mkewe, ili naye apate nafasi ya kuutaja. Halafu likamjia wazo la pili, na hili ndilo lililombeba. Mwanya ule utajengwa na mikono hii. Kila Evarista atakapocheka, kitakachoonekana ni kipimo cha Didas. Na makonda, na karani wa posta, wote wataanza upya.

"Yalishikana," akajibu.

Didas akasema labda wasubiri wamuulize mwenyewe, maana kaure ikishaungua haina kurekebishwa. Liberatus akamwuliza kwa ukali mume wa mwanamke yule ni nani. Didas akaomba radhi, akashika brashi, akaijaza ile nafasi ukingo kwa ukingo.

Evarista alipofungiwa meno yake na kupewa kioo, alijitazama kwa muda mrefu. Yalikuwa meno mazuri mno, yamekaa sawasawa kama ya msichana kwenye kalenda. Akapitisha ulimi katikati, mahali alipozoea. Kisha akamshukuru Didas kwa adabu, akamrudishia kioo. Hakuuliza kitu. Alidhani ndivyo kaure inavyotengenezwa, kwamba mwanya haiwezekani, na si adabu kumlalamikia mtu aliyekusaidia.

Mwanzoni Liberatus alitembea Mbeya kifua mbele. Karani wa posta alimpa Evarista stempu zake na kumwita anayefuata. Watu walimsifu kwamba amepata meno ya Kizungu, na sifa hizo hazikuwa na hatari yoyote. Lakini raha yake haikudumu. Evarista alikuwa ameacha kucheka. Mdomo haukufunikwa tena, meno yalikuwapo, ila kicheko chenyewe kilikuwa kimeondoka. Alitabasamu midomo imefungwa, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Tupokigwe alimwambia Evarista kwamba tangu arudi kutoka Iringa amefanana na dada yake yeye mwenyewe, yule asiyejulikana sana.

Na wivu, je, uliisha? Hata kidogo. Sasa Liberatus akimtazama mkewe akitafuna, anaona kazi ya Didas ikitafuna. Akimbusu, anambusu Didas nusu. Alikuwa ameuziba mwanya ili wengine wasiuone, na wa kwanza kuukosa akawa yeye. Alikuwa akivizia mlangoni wakati Filemoni anaporudi na vituko vyake vya shule, angalau asikie kicheko. Evarista alisema tu, haya, kanawe.

Baada ya mavuno Didas alipita Mbeya akienda Mbalizi kwa shughuli za misheni, akaingia kuwasalimu na kuyaangalia meno. Aliyagonga kidogo kwa ukucha, akaridhika. Evarista akamwandalia chai. Akiwa anammiminia Liberatus chai, akamwuliza Didas, kwa upole wa mtu asiyetaka kuonekana hana shukrani, kama siku moja ufundi huo utaweza kuacha mwanya.

Didas akaweka kikombe chini. Akasema mwanya ni jambo dogo sana, ni kupunguza kaure tu pembeni kabla haijaingia motoni. "Lakini mama, mbona nilimuuliza mzee hapa, akasema yalishikana?"

Evarista aliendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye kisosi. Didas aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba ameingia mahali pasipo pake, akasema akifika Iringa atawasha tanuri, aje wakati wowote atamtengenezea mengine. Akaaga bila kumaliza chai.

Liberatus alianza maelezo mengi, hakumaliza hata moja. Evarista hakuyangoja. Akatoa kikapu, akakunja kanga mbili na sweta, akamwita Tupokigwe dirishani amwombe Filemoni ale kwake kwa siku chache. Alifanya yote hayo bila kupandisha sauti, na Liberatus aliomba moyoni apandishe.

"Unakwenda wapi, Mama Filemoni?"

"Iringa."

"Basi twende wote."

"Nakwenda peke yangu. Utakaa hapa, na kila siku utajua niko wapi."

Hapo angenyamaza, angekuwa amejiokolea kitu kidogo. Lakini wivu hauna akili ya kunyamaza. "Peke yako?" akasema. "Kwa Didas?"

Evarista alisimama na kikapu mkononi, akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lilimwogopesha.

"Didas alikuuliza kama nilikuwa na mwanya," akasema. "Miaka yote ya kwaya alisimama karibu yangu, na hajui. Hakuwahi kuniangalia. Duniani kulikuwa na mwanaume mmoja tu aliyekuwa anajua kipimo chake, na ndiye aliyekwenda akasema haukuwapo."

Akatoka. Tupokigwe alimpokea kikapu njiani, wakaongozana hadi barabara kuu. Liberatus alibaki mlangoni. Basi la Iringa lilikuwa limeshasimama, na konda alishuka akampa mkono apande, kama makonda walivyofanya siku zote. Liberatus aliona, na kwa mara ya kwanza hakumwonea konda yule wivu wowote. Alimwonea yule Liberatus wa zamani, aliyekuwa akichekewa na mkewe.